Nati ya Shingo

Mwaka wa hamsini na nne nilikuwa na miaka ishirini, na hapo ndipo taabu iliponishika. Mwaka ule ulipoanza nilikuwa na nyumba ya baba kule Kanja, mbuzi sita, na kaka mmoja mkubwa. Ulipokwisha, nyumba ilikuwa majivu, mbuzi walikuwa wameliwa na homugadi, wale walinzi wa serikali, na kaka alikuwa amepandishwa kwenye lori, hakurudi tena. Mama na dada zangu walisukumwa kwenye kijiji cha Emajensi, ile hali ya hatari ya Wazungu, kijiji cha handaki na miti iliyochongwa. Mimi nilipona kwa sababu ya mtu mmoja wa Meru mjini, na huyo ndiye ninayeandika habari zake.

Sitamtaja jina. Tulimwita Fundi, na hata mke wake alimwita Fundi. Alizaliwa wapi, baba yake nani, sikuuliza, naye hakusema. Alikuwa Mwislamu wa mjini, mwembamba, kofia yake ya mkono nyeupe asubuhi na nyeusi jioni. Kazi yake ilikuwa pikipiki. Lakini si kuziwasha. Kuwasha, alisema, hata mjinga anaweza, ni moto na petroli tu. Kazi yake ilikuwa kuzifanya zitulie barabarani.

Wazee wachache wanaomkumbuka, kutoka Maua mpaka Embu, wanamkumbuka kwa jambo moja: ndiye yule fundi aliyesahau kukaza nati. Wanasema hivyo wakicheka. Mimi nimesoma mpaka darasa la pili, kalamu kwangu ni nzito kuliko jeki, lakini hilo wanalosema ni uongo, na aliye hai anayejua ni uongo ni mimi peke yangu.

Alinichukua hivi. Nilikuwa nimekimbia kwetu, nikakamatwa Meru sina karatasi ya kutembea. Askari wawili walinipitisha mbele ya gereji yake, na yeye alikuwa amechuchumaa nyuma ya gurudumu, jicho moja amelifunga. Hakuinuka.

"Mnampeleka wapi huyo?" akauliza.

"Ni Muembu. Hana karatasi."

"Karatasi ninayo mimi. Huyo ni mtu wangu wa kazi, nimemngoja tangu juzi. We, umechelewa kwa nini?"

Nikamwambia, "Mvua, Fundi." Sijui neno Fundi lilinijiaje. Labda ni ile spana mkononi mwake. Askari mmoja alimdai chai, akampa, na kesho yake akaenda mwenyewe ofisini kuniandikisha. Aliporudi aliniambia, "Sasa jifunze kazi, usije ukanifanya mwongo."

Alikuwa na maneno yake. Pikipiki inayotikisa usukani ikishika mbio, alisema ina homa. Wengine walikuwa wakiipa pikipiki ya namna hiyo dawa moja tu, wanakaza kila kitu mpaka mwisho. Yeye alikasirika sana na watu hao. "Mgonjwa wa malaria unamfunga kamba asitetemeke?" aliuliza. "Tafuta mbu." Kisha alianza kumtafuta mbu, na angeweza kumtafuta siku tatu. Aliinua gurudumu la mbele juu ya sanduku, akausukuma usukani kwa kidole kimoja, ule mdogo. Ulitakiwa uanguke upande wenyewe, polepole, usikwame mahali popote. Ukikwama, beringi za shingo, pale usukani unapoingia kwenye fremu, zimekazwa mno au zimechimbika. Halafu alilishusha gurudumu chini, akashika breki ya mbele, akaisukuma pikipiki mbele na nyuma huku kiganja chake kimelala kwenye shingo. Ukisikia tok, shingo imelegea. Tok hiyo ni ndogo, mkono unaisikia kabla ya sikio.

Kisha zilikuja kamba. Alikuwa na kamba mbili za katani alizozipaka nta, na alizivuta kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, kulia na kushoto, aone kama magurudumu yote mawili yanatazama mahali pamoja. Upana wa ukucha ukipotea, analegeza ekseli na kuanza upya. Spoki alizigonga moja moja kwa spana akisikiliza sauti. Matairi aliyabonyeza kwa dole gumba asubuhi kabla ya jua, kwa sababu alisema tairi likipata jua linadanganya.

Mke wake, niliyemwita Mama, alikuwa akisimama mlangoni na kumtazama. "Nyumba yangu imeinama kama mlevi," aliniambia mara moja mbele yake, "na mume wangu anapima magurudumu ya watu kwa uzi."

"Nyumba haikimbii," akasema Fundi, bila kuinua kichwa.

"Ikianguka itakimbia."

Nyumba hiyo kweli ilikuwa imeinama. Nguzo ya jikoni ilioza mwaka wa kwanza nilipofika, na miaka mitatu hakuigusa. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa bahili wa sukari, alihesabu vijiko, lakini aliwahi kumpa mtu asiyemjua koti lake kwa kuwa, alisema, lilikuwa na mfuko mmoja zaidi ya anaohitaji. Aliwachukia Wazungu kwa mambo waliyotenda miaka ile, na aliyasema chini chini akiwa kazini, lakini ikiletwa pikipiki kubwa ya safari ndefu, yenye masanduku mawili ya chuma nyuma, uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyepokea mgeni kutoka kwao. Hakuwahi kuwa na pikipiki yake mwenyewe. Alitembea kwa miguu, haraka sana, mikono nyuma.

Kuna daktari wa ng'ombe, Mzungu mzee, aliyezunguka kutoka Embu mpaka Nyambene kwa pikipiki. Alikuja analalamika kwamba kwenye mteremko mashine inarukaruka nyuma kama punda. Fundi alitazama jinsi alivyofunga mzigo: chupa za dawa zimepangwa juu, juu kabisa, nyuma ya taa.

"Bwana, umewahi kutazama mama wa Kibirichia akibeba viazi?"

"Natazama kila siku. Kwa nini?"

"Gunia liko wapi?"

"Iko mgongoni."

"Liko chini ya mgongo, na limelala naye. Haliko begani, haliko mbali. Anainama mbele kidogo, anapanda mlima na gunia halicheki. Sasa wewe umebeba dawa kama mtu aliyebeba mtoto kichwani akikimbia."

Mzungu alicheka mpaka akakohoa. Fundi aliyakata masanduku yale, akayashusha karibu na ekseli, akayasogeza mbele, karibu yaguse miguu ya mpandaji. Alipima uzito wa kila upande kwa fimbo aliyoiweka begani. Wanaume waliokuwa wamekaa pale nje walimdhihaki, eti amesomea kwa wanawake. Akawaambia, "Ninyi mmebeba nini maisha yenu, hata mnifundishe?"

Tajiri mmoja wa miraa wa Laare aliletewa habari hiyo, naye akaja na pikipiki yake kuukuu. Alitaka itulie, lakini hakutaka kushusha mzigo, kwa sababu alitaka watu wauone. Fundi alimrudishia pikipiki bila kuigusa. "Siwezi kuitibu pikipiki," alimwambia, "wakati mgonjwa ni wewe." Kazi ilikuwa haba mwezi ule na tulikuwa tunakula uji. Nilimkasirikia. Leo nami nimewarudisha watu namna hiyo, na kila ninapomrudisha mmoja nahisi mtu amekaa nyuma yangu ananitazama. Sigeuki. Zamani nilikuwa nageuka.

Sheria yake kubwa ilikuwa ya mwisho. Kila pikipiki, kabla ya kumpa mwenye mali, aliipanda yeye mpaka kwenye barabara iliyonyooka chini ya mji, akaikimbiza, kisha akaachia mikono yote miwili. Akaikunja kifuani kama mtu anayesikiliza hotuba. Pikipiki ikienda moja kwa moja, anarudi na kumpa mwenyewe. Ikivuta upande hata kidogo, anarudi na kuifungua upya. Watu walisimama kumtazama. Na sheria ilikuwa na mkia wake: mzigo ukibadilika, pikipiki imebadilika, na lazima ipandwe tena. Alinifundisha mkia huo siku ya pili tu. Ningeukumbuka, yasingetokea yaliyotokea.

Sasa niseme.

Kulikuwa na afisa mmoja kijana, Mzungu, tuliyemwita Miwani. Kazi yake ilikuwa kuchuja watu. Watu waliketishwa chini uwanjani, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho akapitishwa mbele yao, na alipotikisa kichwa, huyo aliyetikisiwa aliinuliwa. Miwani alikaa mezani akiandika. Kule kwetu gunia lilimtikisia kaka yangu kichwa. Kaka yangu hakuwa na lolote, alikuwa mtu wa nyuki. Nilikuwa nimeketi safu ya nyuma yake, nilimwona Miwani akiandika jina lake na kupuliza wino ukauke. Mpaka leo ninauona mdomo ule ukipuliza.

Miwani akaja gereji Meru. Hakunijua. Kwao sura zetu zilikuwa moja. Pikipiki yake ilikuwa kubwa, mpya, na alikuwa anasafiri nayo kati ya Embu na Meru, ikawa inashikwa na homa kwenye makona ya Nithi. Fundi aliifanyia kazi siku nne, nami nikimpa spana. Siku ya Jumatano alasiri aliipanda, akaachia mikono, akarudi ametabasamu.

"Imetulia kama maji ya mtungi," akasema. "Mwenyewe anakuja kesho."

Akaikaza nati kubwa ya shingo mara ya mwisho, akaigusa kwa kidole, akaenda kusali. Aliniachia gereji na funguo zote. Hakuna aliyenituma. Wengine baada ya Uhuru wamesema walitumwa na wapiganaji wa msituni; mimi sikutumwa na mtu. Nilichukua spana, nikailegeza nati ile raundi mbili, na boliti zinazoibana nazo nikazilegeza. Nikafuta alama za mkono kwa kitambaa. Nilihesabu hivi: Fundi ameshaipanda, hataipanda tena, Miwani ataondoka nayo asubuhi, Nithi iko mbali na hapa. Fundi aliporudi kutoka kusali nilikuwa ninafagia, naye akanisifu kwa kufagia.

Asubuhi Miwani alikuja na askari wawili na sanduku la karatasi. Alilifunga juu, nyuma ya kiti. Fundi akamtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Bwana, si hapo."

"Iko sawa. Mimi nataka kwenda."

"Dakika tano tu." Akalifungua, akazigawa karatasi mara mbili, akazishusha kwenye masanduku ya pembeni. Kisha akakaa kwenye kiti na kupiga teke injini.

"Wewe nakwenda wapi sasa?" Miwani akauliza.

"Mzigo umebadilika. Naijaribu."

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Neno moja lilitosha. Ningesema, Fundi, ngoja. Ningesema hata, Fundi, chai imepoa. Lakini askari walikuwa pale, na Miwani alikuwa pale, na miaka ile walikuwa wananyonga watu kwa risasi moja iliyokutwa mfukoni, seuze kwa nati ya pikipiki ya afisa. Nilifungua mdomo, hewa ikaingia, neno halikutoka. Akapita mbele yangu. Kofia yake ilikuwa nyeupe.

Tulimwona wote kutoka juu. Alishika mbio kwenye ile barabara iliyonyooka, akanyoosha mgongo, akaachia mikono. Usukani ukampiga kulia, kushoto, kulia, haraka kuliko macho. Kisha vumbi.

Tulipofika alikuwa amelala ubavuni, mguu wa kulia umekaa mahali ambapo mguu haukai. Miwani aliinama juu ya pikipiki, akaushika usukani, akautikisa. Ilisikika na kila mtu: tok, tok.

"Nani nagusa hii?" akauliza. "Nani nalegeza hii nati?"

Fundi alinitazama. Si kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Miwani.

"Ni mimi, Bwana. Nilisahau kuikaza."

"Nasahau?"

"Nilisahau. Nimezeeka."

Hakuwa amezeeka. Alikuwa na miaka arobaini na kitu. Miwani akacheka kwa hofu ya mtu aliyeona kaburi lake limepata mtu mwingine. Akasema ingekuwa yeye pale Nithi angekufa, na fundi gani huyu. Aliondoka kwa Landrova, na habari hiyo aliisimulia kila mahali alipolala, kwa mapolisi, kwa mapadri, kwa mabwana shamba. Daktari wa ng'ombe hakurudi. Mapadri hawakurudi. Watu waliokaa nje ya gereji walipata wimbo wa kumwimbia kila akipita na mkongojo: Fundi, nati, Fundi, nati.

Nilikwenda kumwona hospitali siku ya tatu. Nilikuwa nimepanga maneno. Aliniambia kwanza, kabla sijakaa, "Kamba zangu usiziache nje, zisinyeshewe." Nikamwambia ziko ndani. Akageukia ukuta. Mama alikuwa amekaa chini anamenya chungwa, akanipa nusu. Nililila. Sikusema kitu, wala siku hiyo wala baada yake.

Mguu ulipona ukiwa mfupi. Gereji ilifungwa. Wakahamia Maua, akawa anatengeneza baiskeli na taa za karabai. Mimi Emajensi ilipolegea nilirudi Embu, nikafungua kibanda. Nilijua kazi yake yote: kidole kidogo, kamba mbili, spoki za kugongwa, mzigo wa mama wa Kibirichia. Watu walianza kusema, peleka kwa yule, yule hasahau. Nilisikia wakisema hivyo, na nilicheka pamoja nao. Nilicheka zaidi ya mara moja.

Sikuwa na usingizi mzuri, lakini sitaki kujifanya mtakatifu, nililala. Kilichonisumbua ni mchana. Ninainama kusikiliza shingo ya pikipiki, nimeshika breki, na kiganja changu kinasikia tok mahali ambapo hakuna tok. Nimefungua shingo nyingi zisizo na kosa kwa sababu ya hiyo. Vijana wa gereji wanafikiri ni umakini.

Miaka mingi baada ya Uhuru, nilipokuwa na watoto wakubwa, nilipeleka tairi Maua nikamkuta. Alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi nyuma ya meza ya minyororo ya baiskeli. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mama alikuwa ameshafariki. Nikamsalimia, akanijua kwa sauti.

"Umenenepa," akasema.

"Umejuaje, Fundi, nawe huoni vizuri?"

"Nimesikia kiti."

Tukakaa. Akaniuliza habari za pikipiki za siku hizi, kama bado zina homa. Nikamwambia. Mwishowe nikasema, "Fundi, ile nati."

"Eh."

"Ulijua?"

"Nilijua kabla sijafika chini. Nati niliyoikaza mimi hairudi nyuma raundi mbili peke yake. Na wewe ulikuwa umefagia vizuri sana siku ile."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Wangekunyonga. Nimtaje mtu anyongwe kwa ajili ya nati?" Akaupapasa mnyororo mmoja mezani. "Mguu nilikusamehe pale pale hospitali. Ulipokula lile chungwa."

Nilifikiri mambo yamekwisha, nikaanza kushukuru. Akainua mkono.

"Mguu, nimesema. Jina langu, nilikungoja uje unirudishie. Nilisema, Emajensi ikiisha atakuja. Ikaisha. Nikasema, Uhuru ukija atakuja. Hakuna wa kukunyonga tena, mwanangu, na watu bado wananiita Nati. Hata watoto, hawajui kwa nini."

"Unataka nifanye nini, Fundi?"

"Njoo Ijumaa. Watu wakitoka kusali, simama pale mlangoni uwaambie. Maneno mawili tu. Alikaza. Basi, urudi kwenu."

"Nitakuja."

"Usikawie. Macho yakiisha nitataka angalau niwe nimeziona sura zao."

Ijumaa nilivaa koti. Niliendesha kutoka Embu, nikapita Runyenjes, nikapita Chuka, nikapita Nithi. Nilifika Nkubu. Nikaingia hotelini, nikaagiza chai. Mtu mmoja akanijua, akaja mezani kunishika mkono, akawaambia wenzake, huyu ndiye yule fundi wa Embu ambaye pikipiki zake unaweza kuachia mikono. Wakanitazama wote kwa heshima. Nikamaliza chai, nikapanda gari, nikageuza, nikarudi nyumbani.

Ijumaa ya pili sikwenda. Ya tatu nilikuwa na mgeni. Fundi alizikwa kabla ya mvua kubwa ya mwaka ule, nikaambiwa na muuza miraa wa Laare aliyekuja kununua breki. Alisema, "Yule mzee Nati amekufa." Nikamuuzia breki.

Basi naandika hapa, kwa mkono wangu, kwa wale wanaojua kusoma kuliko mimi: alikaza. Niliyelegeza ni mimi. Alipanda pikipiki ile akijua kazi yake iko sawa, na ilikuwa sawa mpaka mimi nilipoigusa. Mkimsikia mtu anamcheka, mwambieni.

Leo nina gereji mbili, moja Embu mjini na moja Runyenjes. Nina ekari tatu na nusu Kanja, kahawa na miti ya makadamia. Nina lori moja linalobeba viazi kutoka Kibirichia. Ng'ombe wanne, mmoja hana maziwa. Nyumba ya mawe, vyumba sita, imesimama wima. Watoto saba, wote wamesoma kunipita. Mke mmoja, ambaye habari hii ataijua akisomewa. Miguu miwili, urefu sawa.